Nyuzi Nne Ulizozilegeza

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Leo nimejiwekea nadhiri ya kukueleza yote bila kuruka hata jambo moja, pamoja na lile ambalo Mama amesema nisiliandike, na lile ambalo mimi mwenyewe ningependa kulisahau. Lakini mwalimu wetu wa lugha hutuambia kwamba barua isiyouliza hali ni kama mgeni aingiaye bila kubisha hodi, kwa hiyo naanza na salamu.

Shikamoo, Mjomba. Mgongo unaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho ulisema kwamba ghala mnamofanya kazi lina baridi kama tumbo la friji, na kwamba umenunua soksi za sufu jozi mbili na unazivaa zote kwa pamoja. Nilipomsomea Bibi hapo alicheka, kisha akaniambia nirudie. Je, zimekufaa? Chakula unakula vizuri? Bibi anataka kujua ni nani anayekupikia, na amenikataza kuandika kwamba ameuliza.

Sisi huku hatujambo. Macho ya Bibi yanazidi kufifia, lakini masikio yake ni yale yale. Akiwa uani husikia kifuniko cha kopo la sukari kikifunguliwa jikoni, na hujua ni nani aliyekifungua. Mama ana kazi nyingi, sare za shule mbili kwa mpigo. Mimi niko kidato cha pili na muhula uliopita nilikuwa wa nne darasani. Mama alisema hongera, kisha akasema wa nne ana watatu mbele yake.

Sasa habari yenyewe. Ilianza na mashati.

Mwezi wa tatu bendi yenu ya zamani ilimwagiza Mama mashati sita ya kijani, na kwa kuwa mguu wake ulikuwa kwenye cherehani tangu asubuhi, alinituma mimi nikawapime. Nilikwenda na utepe shingoni na kopo la pini mkononi, nikijiona mtu mzima. Wanafanyia mazoezi pale pale unapopajua, chumba cha nyuma ya duka la uchapaji. Bado panatoa harufu ya wino. Zile trei za mayai mlizobandika ukutani kuzuia kelele bado zipo, ila moja imebanduka na sasa inawekewa vikombe vya chai.

Kiongozi ni yule yule Tarumbeta, na mdomo wake haujapata likizo. Nafasi yako ya besi anaishika Kimya, yule fundi redio uliyemwachia ulipoondoka. Nilidhani wanamwita hivyo kwa sababu hasemi. Mama akanisahihisha: ni kwa ile methali, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nilipomfikia alikuwa anajaribu amplifaya. Niliweka kopo la pini juu ya spika ili nipate mikono miwili, na pini nyingine mbili nikazibana kwa meno kama Mama afanyavyo. Akagusa uzi mmoja tu, ule mnene kuliko wote. Mjomba, pini zilizokuwa koponi zilianza kutembea! Zile za mdomoni zilinitetemekea kwenye meno mpaka nyuma ya masikio. Nilihisi kwanza, kisha ndipo nikasikia, kama mtu aliyeguswa bega kabla ya kuitwa jina. Nilisahau kama nimepima mkono wa kulia au wa kushoto.

"Pima shati, binti, usipime spika," Tarumbeta akanitania, na wote wakacheka.

Nikatoa pini mdomoni nikauliza, kwa sababu kuuliza si ujinga, kwa nini sauti ile inaingilia kifuani badala ya masikioni. Kimya aliniangalia midomo mpaka nilipomaliza. Akaweka gitaa chini, akavuta kigoda.

Tarumbeta akashika kichwa. "Basi tena! Ameulizwa habari za besi. Chukueni vikombe, mazoezi yamekwisha."

Na kweli yalikwisha. Mashati matatu nilikuja kuyapimia siku ya pili yake.

Tangu hapo, kila Jumanne na Alhamisi nikitoka shule hupitia kwenye kibanda chake cha redio, kwa ruhusa ya Mama na kwa sharti kwamba nisishuke chini ya nafasi ya nne. Yeye hutengeneza redio za watu na mimi hukaa kwenye kreti na gitaa lake mapajani. Wiki mbili za kwanza hakuniruhusu kupiga chochote ila uzi mmoja, mara moja moja, kwa kufuata saa ya ukutani. Vidole viliniwaka moto hata kushika kalamu ikawa shida. Sasa vimeota sugu, na huwa navigusa chini ya dawati kuhakikisha kwamba bado zipo.

Sijui kama na wewe ulikuwa na maoni makali kama yake. Kwake yeye hakuna jambo dogo. Akiona picha ya amplifaya kubwa kama kabati la nguo husonya. "Mvalishe kuku joho," husema, "bado atachakura." Amplifaya yake yeye imenizidi umri, imefungwa kwa mkanda wa suruali, na kitufe kimoja kimeng'oka na mahali pake pana kifuniko cha dawa ya meno. Kitufe kile cha kuongeza ukali haruhusu mtu akiguse. Anasema besi ikiongezwa ukali huanza kuringa, na besi haikuumbwa kuringa. Wa kuringa ni gitaa la solo, na hata hilo likizidi hupigwa jicho.

Anasema sauti haimo kwenye waya wala kwenye spika, imo kwenye nyama ya kidole. Alinionyesha: ukigusa uzi karibu na shingo ya gitaa, unatoa sauti ya mviringo, kama mtu anayeongea akiwa ameshiba; ukigusa karibu na mkia, sauti hiyo hiyo inakuwa na meno. Gitaa ni lile lile, uzi ni ule ule, ni umbali wa kiganja kimoja tu! Nilibaki kinywa wazi. Kupiga besi kwa kijiti cha plastiki hataki hata kusikia. "Ni kama kumsalimia mkweo kwa mguu."

Lakini neno lake nililoliandika nyuma ya daftari langu la hesabu ni hili: "Kujua pa kuanzia sauti ni shule. Kujua pa kuikatia ni utu uzima." Nimejaribu kulitumia hata katika insha, nikizikata mapema, na masahihisho ya mwalimu yamepungua.

Muziki wa kwenye kanda na simu haudharau, maana redio ndizo zinazomlisha, lakini anasema ni picha ya chakula. Utaitazama, utaisifu, wala hutashiba. Nilimwambia mimi nimekua kwa picha hizo, kwa sababu Mama hajawahi kuniruhusu kuingia ukumbini. Akaacha kazi, akaja nyumbani na miwani yake ya kufanyia kazi ikiwa bado kipajini, akamwomba Mama ruhusa ya Jumamosi moja, alasiri, kurudi kabla ya giza. Mama alimtazama kwa muda kama anayepima kitambaa, kisha akasema, "Haya, Fundi. Ila kiti chake kiwe mahali ambapo na wewe unamwona."

Kwa hiyo nimeingia, Mjomba. Nimeingia ule ukumbi wa chama cha wafanyakazi ambamo mlipiga kwa miaka mingi. Niliwekewa kiti pembeni ya jukwaa, hatua tatu kutoka kwenye spika ya besi. Sakafu ni zile mbao ndefu zilizosuguliwa na viatu mpaka zinang'aa katikati. Madirisha yalikuwa wazi, jua limeingia ndani kama mgeni mwingine. Watu walikuja wamevaa vizuri: wastaafu wa kiwandani, wauguzi waliotoka zamu, mama mmoja mnene sana mwenye viatu vyekundu vidogo.

Kabla hawajaanza, Kimya alivua viatu na soksi, akavipanga chini ya kiti changu. Nilidhani ni mazoea tu. Akainama akaniambia, "Wimbo wa tatu, katikati, nitaacha kupiga kwa mizunguko miwili. Wewe usinitazame mimi. Tazama watu."

Nikangoja wimbo wa tatu kama mtu angojaye matokeo ya mtihani. Ukafika. Tarumbeta alikuwa anapuliza mishipa imemtoka shingoni, solo linalia, dramu zinakwenda. Mara Kimya akainua kidole chake, basi.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hakuna aliyejua. Lakini, Mjomba, miguu ilijua! Yule mama wa viatu vyekundu alitazama chini kama mtu aliyeangusha sarafu. Mzee mmoja alimshika mkewe bega kwa nguvu kidogo zaidi. Vijana wawili waliokuwa wakicheza vizuri kuliko wote waligongana magoti wakaanza kulaumiana. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama juu ya kitu na kitu hicho kimeondolewa, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayeanguka.

Kisha Kimya akashusha kidole. Sauti ile ilipita chini ya kiti changu, ikapanda kwenye miguu ya kiti, ikaniingia mgongoni, na nikaona mabega ya watu wote yakishuka kwa pamoja, kama ukumbi umeshusha pumzi. Mama wa viatu vyekundu akatabasamu wala hakujua anatabasamia nini. Mimi nililia kidogo. Nakwambia kwa sababu nimeapa kusema yote.

Usione vyaelea, vimeundwa. Nimeisoma methali hiyo tangu darasa la tatu na sikuwahi kuielewa mpaka Jumamosi ile. Nikakumbuka kwamba kabla ya Kimya, aliyewashikilia watu wale ulikuwa wewe. Mjomba wangu, anayevaa soksi mbili mbili na kuhesabu maboksi kwenye ghala la baridi! Nilitamani kupanda kwenye kiti niwatangazie.

Walipopumzika Tarumbeta alimjia juu. "Wewe! Umesinzia?"

"Nilikuwa nafundisha," Kimya akasema.

"Ukitaka kufundisha nenda shule!"

"Debe tupu," Kimya akaniambia mimi, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na mpiga dramu akapiga tuazi kuunga mkono.

Mwisho wa dansi nilimfuata nikamshukuru. Alikuwa amenipa mgongo akikunja waya. Hakujibu. Nikarudia, akaendelea kukunja. Nilidhani nimemuudhi, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Alipogundua alikuja akakaa mbele yangu, akanieleza jambo ambalo kwenye bendi analijua mpiga dramu peke yake, na ameniruhusu nikuandikie wewe.

Kimya hasikii, Mjomba. Sikio la kushoto limekwisha kabisa na la kulia linalifuata. Miaka yote hiyo amesimama ubavuni mwa matuazi ya dramu, na matuazi yamemla masikio taratibu, kama panya alavyo sabuni. Mtu anayezungumza naye humsoma midomo. Wimbo huusikia kwa nyayo. Ndiyo maana anavua viatu, na ndiyo maana spika yake haiwekwi juu ya meza hata Tarumbeta agombe vipi. Sakafu ya mbao humletea besi yake mwenyewe, na mateke ya dramu, na hata hatua za wanaocheza.

Nilikuwa nimekaa na mtu huyo miezi miwili nikidhani ananifundisha kwa masikio. Nilimwangalia nyayo zake, pana, zimepasuka visigino, nikaona aibu kwamba viatu vyake vilikuwa chini ya kiti changu na nilivisukuma kwa mguu.

Sasa ni hivi: mwezi wa nane chama kinang'oa zile mbao na kumwaga saruji, kisha kuweka vigae. Kila mtu anafurahi. Kimya alikwenda kusimama peku kwenye benki mpya yenye vigae mpaka mlinzi akamtoa, akarudi akasema, "Ni kama kusimama juu ya barua iliyofungwa." Dansi ya mwisho juu ya mbao ni Jumamosi ya tarehe 25 Julai. Baada ya hapo hapigi tena ukumbini.

Tarumbeta amekwisha pata mpiga kinanda anayesema ataipiga besi kwa mkono wa kushoto. Kimya alisema huo utakuwa mkono wa kushoto wa mtu anayefikiria mkono wa kulia. Kisha akanisukuma mbele.

"Huyu? Msichana wa shule?" Tarumbeta alisema.

"Wewe ulipoanza ulikuwa profesa?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Tarumbeta akakubali kunijaribu siku hiyo ya tarehe 25, nyimbo tatu. Lakini akasema niende na gitaa langu mwenyewe. "Asiye na jembe haombi shamba," alisema, na safari hii hata Kimya hakumbishia. Gitaa la Kimya anakwenda nalo nyumbani. Anataka kuiegemeza spika kwenye kitanda chake cha mbao, awe analala juu yake na kusikiliza. Mama amekubali Jumamosi, alasiri tu, masomo yakibaki pale pale.

Ninakuja kwenye lile ambalo ningependa kulisahau.

Kimya ni msafi sana wa vyombo. Hawezi kuweka gitaa bila kulifuta. Nami nikafikiri: gitaa la Mjomba liko chini ya kitanda cha Bibi miaka minane, hakuna anayelifuta. Niliwaza kwamba nikilisafisha vizuri kwanza, hata barua ya kukuomba nilitumie itakuwa na uso. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, Mama na Bibi walipokwenda kumwona mgonjwa, nilikivuta kisanduku nikakifungua bila ruhusa yako. Nisamehe. Lilikuwa limefunikwa shati lako la jukwaani. Nyuzi zote nne zilikuwa zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo, nami nikadhani zimelegea zenyewe kwa uzee. Nilipozigusa zilikuwa na weusi wenye mafuta uliobaki kwenye vidole vyangu.

Katika somo la sayansi tumefundishwa kwamba mafuta hutoka kwa maji ya moto na sabuni.

Nilizitoa, Mjomba, nikaziviringisha, nikazichemsha. Nilizichemsha nusu saa kwenye sufuria kubwa ya maji ya kuoga, na kijiko kimoja cha sabuni ya unga. Maji yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Mama alirudi, akafunua kifuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu, akauliza, "Hizi ni tambi za wapi?"

Nilizikausha moja moja kwa kitambaa kisha kwa pasi ya mbali, nikazirudisha zikiwa zinang'aa kama vijiko vipya, zimelegea vile vile nilivyozikuta. Siku ya Jumanne nikamweleza Kimya nikitegemea sifa.

Alizima kifaa chake cha kuunganishia waya. "Sema tena. Polepole."

Nikasema tena, polepole.

"Umezichemsha."

"Ndiyo, Fundi."

"Na maji?"

"Nimemwaga kwenye mfereji wa uani."

Aliweka uso kwenye viganja na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa machozi yalikuwepo pia. Sura ya nyuzi alikuwa hajaifikia katika mafundisho yake. Ndipo akanifundisha. Alisema sauti ile ya mviringo, ile iliyowafanya watu waseme besi yako ina sukari, haikutoka dukani. Ilikuwa ni jasho la vidole vyako, Jumamosi baada ya Jumamosi, likiingia ndani ya nyuzi mpaka zikaacha kupiga kelele na kujifunza kuzungumza. Hukuwahi kuzibadilisha hata mara moja. Wapiga besi wengine walikuja kutoka mbali kuomba angalau kuzigusa. "Nawe," akasema, "umemwaga miaka kumi na mitano kwenye mfereji."

Sikula siku ile. Nimeandika barua hii mara tatu na mara mbili nimeiacha sehemu hii nje.

Alhamisi alikuja nyumbani kuliona. Tuliliegemeza gitaa kwenye kabati la Bibi. Alipoona nyuzi zilivyolegea, uso wake ukabadilika. Nikamwambia nilizikuta hivyo. Akanijibu kwamba nyuzi hazilegei zote nne sawasawa namna ile bila mkono wa mtu. Anayeondoka kwa mwezi huacha nyuzi zimekazwa, maana atazikuta tayari. Anayezilegeza anaihurumia shingo ya gitaa isipinde, kwa sababu anajua litakaa muda mrefu. "Ni ustaarabu," alisema. "Lakini ni ustaarabu wa mtu anayejua."

Hilo ndilo Mama alilosema nisiliandike. Alisema litaonekana kama lawama. Mjomba, si lawama. Ila nyumba hii kila mwaka husema utarudi mwakani, nami nimekuwa nikihesabu mwakani hizo tangu sijajua kusoma.

Kimya alikaza uzi mmoja tu, ule mnene. Akaegemeza taya lake kwenye mbao ya gitaa, akafumba macho, akaupiga. Kabati lote liliitika. Sauti ilikuwa mpya, kali kidogo, kama mtoto anayeongea mbele ya wageni. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kile kile kilichotembeza pini.

Na huko uani Bibi akaita, "Kitinda mimba wangu! Amekuja?"

Kimya hakusikia, alisoma tu uso wangu. Bibi aliingia akipapasa ukuta, mpaka mkono wake ukafika kwenye gitaa. Nikasema, "Hapana, Bibi, ni mimi." Akaendelea kupapasa uzi mmoja uliokazwa, kisha zile tatu zilizolegea. Tulikuwa tumekusudia kumficha maneno ya Kimya, kwamba zililegezwa na mkono wa mtu.

"Alizilegeza mwenyewe," Bibi akasema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa kitandani, macho yangu mazima. Alidhani nasali. Alizizungusha moja moja, polepole, kama anayemlaza mtoto."

"Kwa hiyo Bibi ulijua?" nilimwuliza.

"Mimi ni mama yake, nisijue nini? Mwakani ni neno langu la kulalia. Msinichukulie." Kisha akaupiga uzi ule kwa kidole chake gumba, mara moja, akausikiliza mpaka ulipokwisha. "Mwandikie. Mweleze yote, na hizo tambi zako. Ajibu kwa mkono wake mwenyewe."

Kimya aliulegeza tena ule uzi, taratibu, mpaka ukawa sawa na wenzake. Nikamwambia nina wiki sita tu za kufanya mazoezi. Akasema anajua, lakini si zake kuzikaza, na bado si zangu. Nikamwuliza kama sauti yako itarudi. Akasema yako haitarudi, imekwenda na maji. Nyuzi zenyewe hazijafa, zimekuwa watoto tena, na zitazeeka kwa vidole vya atakayezipiga. Nimelala siku tatu na maneno hayo. Yananitisha na yananifurahisha, na sijui ni lipi limezidi.

Barua imekuwa ndefu na Mama anataka meza yake. Anakusalimu sana na anasema hajakasirika kwamba nimeandika, ila nimwonyeshe tahajia kabla ya kufunga bahasha. Bibi anakusalimu na kukuombea baridi ikuhurumie. Kimya anasema uvue soksi siku moja usimame penye mbao, utamsikia. Tarumbeta anadai una kofia yake. Nawe tusalimie huyo anayekupikia, kama yupo. Bibi atalala vizuri akijua kuna mtu.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mwema na mgongo usiouma, na popote ulipo pasikose mtu wa kukuuliza umeamkaje.

Ni mimi nikupendaye, na niliyekosa, na ninayekungoja kwa hali yoyote,
Mpwa wako.

Tanbihi: Naomba jibu kwa posta ya kwanza, hata kama ni mstari mmoja, na usinionee huruma kwa sababu ya tarehe 25. Nikae na kisanduku kama ulivyokiacha, nyuzi zikiwa zimelala, mpaka siku utakayokuja kuziamsha mwenyewe? Au nizikaze, Mjomba?